Hakuna Gari Langu Lililolala Kitonga

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mbalizi.

Nimetukanwa kwa barua. Yenye muhuri!

Imetoka kwa lile shirika linalotaka kutujengea banda la kupakilia viazi, tusiwe tunanyeshewa kama mbuzi. Inasema kila anayegombea uongozi wa kikundi lazima ahudhurie semina ya siku mbili Iringa na apate cheti. Bila cheti, jina halipigiwi kura. Na semina yenyewe inaitwaje? "Kujitambua kama Msingi wa Uongozi Bora."

Kujitambua! Mimi! Kwani nimezimia?

Mimi Ezekia, mwenyekiti wa Kikundi cha Wapakizi Mgongo Imara, sokoni Mbalizi, mwaka wa saba huu. Naandika hivi ili hata daftari lijue limeshikwa na nani. Tuko thelathini na tatu. Wenzangu wanabeba magunia ya viazi begani, mimi nasimama juu ya Fuso nayapanga. Kupanga gari ni elimu. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, lina kichwa, lina tumbo. Ukilikosea linamsukuma mwenzake, naye wa pembeni yake, mpaka gari linafika kwenye kona za mlima Kitonga linalala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Miaka saba! Hakuna gari langu hata moja lililolala Kitonga. Madereva wa Dar wanalijua hilo. Wakiniona juu pale hawasemi neno, wanatazamana tu.

Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 21. Siku zote nagombea peke yangu, nashinda kwa makofi. Mwaka huu katibu wangu Lugano naye kachukua fomu. Lugano! Mtu ambaye akipiga chafya anaomba radhi kwa waliokaa mbali. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mwenyekiti, ni watu tu wamenisukuma." Watu gani? Akaangalia viatu vyake.

Tena nimegundua yeye semina alishakwenda, awamu ya Mei. Sisi alituaga anakwenda msibani Tukuyu. Na rambirambi nilimchangia! Msiba wa nani sasa? Wa kiti changu?

Mke wangu, Mama Gloria, kanifungia chapati za safari. Kasema niende nikasikilize, nisiende nikaongee. Nikamwuliza tofauti iko wapi.

Jumatano, 11 Juni. Iringa.

Baridi ya huku ina dharau. Inaingia ndani ya koti na kukaa kama imealikwa.

Nimewasalimia watu "Kamwene!" tangu stendi mpaka ukumbini. Wahehe wamefurahi. Mimi nimetembea. Nchi za nje nimefika mara mbili, zote Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na mara ya tatu mguu mmoja.

Mwalimu wetu ni Madam Devota Kalinga. Mfupi, miwani, sauti ya kuazima. Katuambia kila mmoja asimame ataje udhaifu wake. Basi watu wakaanza kujichongea! Mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Mufindi kasema ana hasira za karibu, akatoa leso. Mama mmoja wa kikundi cha maziwa kasema hamwamini mtu na funguo, hata mumewe. Nimeona aibu kwa niaba yao. Mtu unapanda basi asubuhi yote kuja kujichafua!

Zamu yangu nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nikasema udhaifu wangu mkubwa ni kwamba sijawahi kuuona.

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, najua kuchangamana. Madam hakucheka. Kaandika maneno yangu kwenye bango kitita, kayazungushia duara. Hakuna mwingine aliyepewa duara.

Mchana kachora mgongo wa mtu. Kasema kila kiongozi ana sehemu yake ambayo yeye haioni, wenzake wanaiona kutwa, na njia pekee ya kuiona ni kuazima macho yao. Nikanyoosha mkono nikamwambia sisi ndio Mgongo Imara, kama anataka migongo aje Mbalizi. Ukumbi ukacheka tena. Akasema, "Huenda nikaja, Mwenyekiti."

Wanapenda wenyewe kunitembelea.

Alhamisi, 12 Juni. Chimala, kando ya barabara.

Basi limekufa. Fundi kaingia chini ya injini tangu saa kumi, tunamwona miguu tu. Wauza mchele wametuzunguka. Nimenunua mchele ambao sikuupanga, kwa sababu mama aliyekuwa anauza alikuwa na mafua.

Tulipoondoka ukumbini leo asubuhi Madam kagawa fomu kumi kwa kila mtu. Maswali matatu. Kiongozi wako anafanya nini vizuri? Anakosea wapi bila mwenyewe kujua? Ungependa abadilike nini? Wajaze watu unaowaongoza, bila jina, kwa siri, wafunge bahasha wenyewe. Kiongozi asiguse.

Nimegusa. Lakini kwa nia njema! Mtu katoka kubeba magunia kutwa nzima, umpe kalamu? Huo ni ukatili. Kumi zote nimewajazia hapa hapa, nimeegemea gunia la mchele la yule mama mwenye mafua.

Na nimefanya kwa akili. Tatu kwa mkono wa kushoto. Mbili kwa penseli ya kondakta. Moja nimeijaza makosa ya kuandika, ili ionekane ya Jailos, mbebaji wangu asiyezoea kalamu. Anakosea wapi? "Hakosei." Nyingine, "Sijaona, na nimetafuta." Abadilike nini? "Asithubutu kubadilika." Nyingine, "Akiondoka huyu soko lifungwe."

Nilipofika fomu ya saba machozi yakanilenga. Sikujua kama hawa watu wananipenda hivi.

Jumamosi, 14 Juni. Mbalizi.

Bahasha nimeituma Iringa kwa basi la asubuhi. Nimemkabidhi kondakta mkononi, nikamwambia ni siri ya wapakizi. Kaiweka juu ya tenga la kuku.

Leo nimepanga Fuso mbili. Nikiwa juu nikawasimulia akina mama wa vibanda habari za Iringa, mpaka Apolonia, mama lishe wetu, akaunguza maharage kwa kucheka. Ndiyo maana napanga nikiwa nimewageukia wao. Kiongozi hawapi watu kisogo.

Lugano anapita kwa watu mmoja mmoja, eti anawasikiliza. Huo ndio ugombea? Nimemhurumia. Wakisema wote kwa pamoja mimi ndiye nawasikia vizuri zaidi, maana nakuwa naongea juu yao.

Jumatatu, 16 Juni. Mbalizi.

Madam Kalinga kapiga simu. Nikajiweka sawa kupokea pongezi. Hata kofia nilivua.

Kasema amefanya kazi hii miaka kumi na moja na hajawahi kuona watu kumi wasio na lalamiko hata moja. Nikasema ahsante sana, Madam. Kasema hakuwa ananisifu. Kasema watu wa namna hiyo ni watu wenye hofu. "Watu wako wanakuogopa, Mwenyekiti."

Wananiogopa! Mimi! Niliyelia kwenye ubatizo wa mtoto wa Jailos mpaka mchungaji akasubiri!

Mdomo ulifunguka nimwambie kwamba zile fomu niliandika mwenyewe. Nikaufunga. Mara ya kwanza katika maisha yangu naufunga mdomo, na ndipo umeniponza.

Anakuja Alhamisi. Atakaa na wapakizi wangu bila mimi. Cheti anakuja nacho mkobani. Akiridhika anasaini, asiporidhika anarudi nacho Iringa na mimi jina linakatwa. Yaani nipoteze kiti kwa sababu ya kusifiwa! Dunia imegeuka.

Jumanne, 17 Juni. Mbalizi.

Nimeitisha mazoezi ya kunisema vibaya.

Mpango safi. Nilikata vikaratasi, kila kimoja nikaandika kosa langu dogo, la heshima. "Anacheka kwa sauti." "Anavaa kofia hata ndani." "Anafanya kazi kupita kiasi." Nikawagawia, nikawaambia Alhamisi Madam akiwauliza, kila mtu ataje lake kwa uchungu.

Wakagoma! Kasian, mbebaji wangu mkongwe, mtu wa Iringa, kapewa kile cha kucheka. Akasema hawezi kukisema. Akasema kicheko changu ndicho kinawajulisha asubuhi kwamba siku imeanza. Jailos akarudisha cha kofia, eti kofia inanipendeza. Karibu nilie. Wajinga wakubwa! Wananipenda mpaka wananimaliza!

Jailos akauliza kama wanaruhusiwa kutaja kosa lingine, la kwao. Nikasema mimi ni mtu wa demokrasia, tajeni.

Mtu nyuma akasema, "Filimbi."

Filimbi imefanya nini? Eti napiga filimbi dereva akiwa anarudi nyuma, na hakuna anayejua ina maana aje au asimame, na ukuta wa choo cha soko umevunjwa mara tatu. Haya, moja. Lakini hapo mlango ulishafunguka! Eti naitisha mkutano saa moja nafika saa tatu, kisha nawauliza mbona mmechoka. Eti Lugano akitoa wazo nasema halifai, kesho yake nalileta kama langu. Eti naahidi. Naahidi nini? "Unaahidi tu, Mwenyekiti." Walikuwa wanapokezana kama wako kwenye mnada. Watu ambao mtu kadai wana hofu!

Nilihesabu makosa ishirini na tatu, nikayafuta kwa sauti, nikafunga mkutano.

Ila kuna moja limenikaa. Jailos alianza, "Na ile ya Iyunga..." Kasian akamkanyaga mguu. Wote wakamtazama Lugano. Lugano akatazama viatu.

Iyunga, hapo mbele tu njia ya Mbeya, kuna nini?

Jumatano, 18 Juni. Mbalizi.

Nimejua! Nimewajua!

Nimemhoji Apolonia kwa ujanja, nikijifanya nataka chai. Kila gari langu likishatoka getini, wabebaji sita pamoja na Lugano wanamwachia sahani zao awafunikie, wanatoweka, wanarudi baada ya saa mbili. Wamelowa jasho. Kila gari! Nikamwuliza wanakwenda wapi. Apolonia akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Wanaiba viazi. Hakuna jibu lingine. Gari linasimama Iyunga, wanashusha magunia ya watu. Na kiongozi wao ndiye anataka kiti changu! Mpole! Wapole wote nawaogopa kuanzia leo.

Nimesikitika, sisemi uongo. Kasian nilikaa naye hospitali siku kumi na moja mkewe alipokuwa anaumwa. Jailos ni kama mdogo wangu. Lakini haki ni haki. Tena imekuja na Madam siku moja. Namwonyesha kwa macho yake kiongozi anayewajua watu wake mpaka maovu yao. Atasaini cheti amesimama.

Nimemwandaa mgambo, Sosthenes. Kaniuliza alete pingu ngapi. Nikasema alizonazo. Anayo moja.

Alhamisi, 19 Juni. Mbalizi.

Sikupanga kuandika leo. Naandika hivyo hivyo.

Madam kafika saa tano. Apolonia kampa ndizi na maharage, akakaa juu ya kreti ananitazama nikipanga Fuso. Nilipanga kwa ufundi wa mgeni. Nikasimulia Nakonde yote. Akina mama walicheka, Madam aliandika kitu.

Gari likatoka. Wabebaji wakaanza kuyeyuka, mmoja mmoja. Nikamwambia, Madam, panda bajaji nikuonyeshe kitu. Mimi, yeye na Sosthenes mpaka Iyunga.

Nyuma ya gereji moja, Fuso langu limesimama. Turubai limefunguliwa. Magunia ya upande wa kushoto yote chini! Lugano kasimama juu, mahali pangu! Nikapiga filimbi. Sosthenes akaruka kutoka kwenye bajaji, akapiga kelele, "Mikono juu wote!" Kasian alikuwa na gunia begani. Akauliza kama anaweza kulitua kwanza.

Nikatoa hotuba. Wezi! Nyoka! Nikamwambia Madam ahesabu magunia. Yakahesabiwa. Kamili. Hata kiazi kimoja hakikupungua.

Dereva, kijana wa Dar, alikuwa amejilaza kwenye usukani. Akatoa kichwa dirishani akasema, "Mzee, hawa hawaibi. Hawa wananyoosha kola."

Kola gani?

Sosthenes akairudisha pingu mfukoni taratibu, kama mtu aliyekohoa kanisani. Mwisho Lugano akashuka. Akasimama mbele yangu, na mara hii hakutazama viatu.

"Mwenyekiti, tusamehe. Ukipanga, gari linalala kushoto. Vibanda viko kushoto, na wewe unapanga huku unaongea na watu wa vibanda, mzigo wote unaegemea upande wa wasikilizaji. Gari lako la kwanza kabisa dereva alifika Iyunga akakataa kuendelea. Tukalipanga upya hapa. Tangu siku ile tunakuja."

Tangu siku ile! Nikamwuliza magari mangapi. Akasema yote.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Kasian ndiye aliyejibu, gunia bado begani, alikuwa amelisahau. Akasema wiki ile ya gari la kwanza ndiyo wiki niliyokuwa silali nyumbani kwa ajili ya mkewe hospitalini. Wakasema waniache kwanza. Kisha ukaja msiba wa mama yake Jailos, nikachimba kaburi na mvua ile. Wakasema wasubiri. Kisha likaja jingine, na jingine. "Haikupatikana wiki ya kukwambia, kaka."

Bajaji ilikuwa inanguruma. Mtu akaizima.

Kitonga basi. Hakuna gari langu lililolala Kitonga kwa sababu hakuna gari langu lililofika Kitonga.

Madam kafungua mkoba, katoa fomu moja tupu na kalamu, kasema nijaze mwenyewe, mbele yake, swali la pili tu. Umekosea wapi bila mwenyewe kujua? Akasema anaijua ile kalamu ya penseli na ule mkono wa kushoto. Alijua tangu Jumatatu! Na mimi nilikuwa namhurumia kwa kudanganyika!

Nikaegemea bodi ya gari. Nikafikiri sana. Nikaandika: "Sikujua kwamba watu wangu wanabeba mara mbili."

Akaisoma muda mrefu. Akasaini cheti pale pale, juu ya gunia.

Ijumaa, 20 Juni. Mbalizi.

Sijalala. Hasira!

Mama Gloria alijua! Nimemwuliza asubuhi, akasema soko zima linajua, akasema hata Gloria anajua. Mtoto wa darasa la tano! Kunyoosha kola ni msemo wa Mbalizi nzima, mimi peke yangu nilidhani wanazungumzia mavazi. Miaka saba mke ananifulia ovaroli na anacheka ndani ya beseni.

Akasema hakuwa anacheka. Akasema alikuwa anawaombea migongo.

Migongo! Hilo ndilo limeniuma. Gunia la lumbesa, mtu kalibeba mara moja, halafu analishusha tena, analibeba tena! Kwa ruhusa ya nani? Mimi ndiye mwenyekiti wa migongo ile! Kasian ana miaka hamsini na sita!

Nikachukua chupa ya dawa ya kuchua, nikaenda kwake kugombana. Nilimgombeza kuanzia mlangoni. Nikamwambia alale kifudifudi, nikamchua mgongo huku namgombeza, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mgongo umekuwa kama barabara ya vumbi wakati wa masika. Nikamwita mnafiki. Akasema, "Hapo hapo, kaka, panda juu kidogo." Mkewe akatuletea uji. Nikagombana mpaka chupa ikaisha.

Wakati natoka akaniuliza kama nimekasirika bado. Nikamwambia sana. Nitakuja tena kesho kutwa.

Usiku sina la kuandika. Kesho kura.

Jumamosi, 21 Juni. Mbalizi.

Nimeibiwa! Na mwizi nimeshamjua!

Nieleze kwa utaratibu. Tulikusanyika kwenye uwanja wa kupakilia, wote thelathini na tatu. Apolonia kaleta ndoo ya kutumbukizia kura na mfuniko wake. Lugano akahutubia kwanza. Dakika mbili! Kasema atapanga zamu za kubeba kwa maandishi, wazee wapewe magunia ya karibu, na mikutano ianze saa iliyosemwa. Akakaa. Hiyo ni hotuba au ni tangazo la maji?

Mimi nikasimama, cheti mkononi. Nikawaambia sasa najitambua, kwa muhuri. Nikawaeleza kuhusu kola, sikuwaficha kitu, kwa kuwa walikuwa wanakijua. Nikasema kuanzia Jumatatu hakuna mtu kwenda Iyunga kujiumiza kwa siri. Marekebisho yote ya gari yatafanyika hapa hapa uwanjani, mchana kweupe, mimi nikiwa juu nawaelekeza. Nilitegemea makofi. Kasian alikohoa.

Hata hivyo niliwaona watu wameguswa. Wengine walijifuta macho. Jailos alilia wazi. Nikajua nimeshinda, tena vibaya sana. Nikamtazama Lugano, amekaa juu ya ndoo nyingine, mikono magotini, mtoto wa watu. Roho ikaniuma. Nikafikiri, huyu akipata kura yake peke yake ataonekanaje mbele ya mkewe? Baada ya miaka saba ya kunyoosha kola yangu? Mimi si mnyama. Nikachukua karatasi yangu, nikaigeuzia ukutani, nikaandika LUGANO kwa herufi kubwa ili isije ikaharibika. Zawadi. Angalau awe nazo mbili.

Apolonia akahesabu kwa sauti. Akahesabu tena. Akamwita Sosthenes ahesabu.

Lugano kumi na saba. Mimi kumi na sita.

Nilihesabu kwenye vidole. Nikavua kiatu. Ukiiondoa moja pale na kuileta hapa inakuwa kumi na saba zangu, kumi na sita zake. Moja! Na hiyo moja naujua mwandiko wake!

Nikasimama niseme kura irudiwe. Lakini ningesema kwa sababu gani? Kwamba nilimhurumia? Mbele yake? Angeumia. Nikakaa.

Wakaja kunikumbatia wote. Jailos akanishikilia shingo akilia, akasema ameteseka sana ndani ya moyo mpaka amenipigia mimi. Kasian akasema yeye kampigia Lugano kwa sababu ya mgongo, na nisimchukie. Nikamwambia namchukia sana, na asisahau kesho nakuja na chupa mpya.

Jumapili, 22 Juni. Mbalizi.

Leo baada ya ibada Lugano kaja nyumbani na mkewe, wamebeba parachichi kwenye kikapu. Mama Gloria kawapikia ule mchele wa Chimala. Lugano alikuwa na uoga wa heshima. Akaniita kaka mara tisa.

Akasema kamati imeomba niwe mlezi wa kikundi. Kazi yangu itakuwa wagonjwa, misiba, ubatizo, ugomvi wa ndoa, na kumtafuta mtu aliyepotea. Akasema hakuna mwingine anayeiweza, akasema watu wote, hata wale kumi na saba, walisema hivyo kwa mdomo mmoja.

Nikakasirika kimyakimya. Hiyo kazi mbona naifanya kila siku bila cheo! Ni kama kumpa mtu pua yake. Wameshindwa kuona kipaji changu cha kupanga magari wameona vitanda vya hospitali. Nimekubali kwa ajili yao tu, maana wakiachwa wenyewe watazikana hovyo.

Kuhusu juu ya Fuso, akasema kwa upole kwamba atapanga yeye, mimi nikae kibandani kwa Apolonia nisimulie, watu wapakie wakisikiliza. Nikasema nitafikiri. Nimeshafikiri. Kibandani sikai.

Walipoondoka Mama Gloria akaniuliza nimejifunza nini katika wiki mbili hizi. Nikamwambia nimejifunza mengi sana, na yote yanamhusu Lugano. Nimempigia Madam Kalinga saa hiyo hiyo. Nimemwambia yule kijana anahitaji kurudishwa semina haraka, na kama mwalimu hayupo mimi niko tayari kufundisha. Madam akanyamaza muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta tarehe.

Maana kumtazama tu utaona. Kapita mlangoni kwangu ametulia, kifua mbele, mwenyekiti mzima. Anasema wazi, mbele ya mkewe, kwamba watu wamemchagua. Watu! Walikuwa kumi na sita kwa kumi na sita, akabaki mtu mmoja tu wa kuamua, na mtu huyo alikuwa anamkatia parachichi.

Hajitambui kabisa yule kijana. Na nani wa kumwambia? Wiki hii ana uongozi mpya, wiki ijayo mkewe anajifungua.

Nitasubiri wiki nzuri.